Ami, nichukue Feinwerkbau 65 au Hämmerli 208? Jibu kwa kijana wa Chake Chake

Kijana mmoja wa Chake Chake kaniandikia, nafupisha maneno yake. Mjomba wake anaishi Ujerumani, ni mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha, na pale klabuni kuna mzee anaacha mchezo anauza bastola zake mbili za zamani, moja ni Feinwerkbau 65 ya upepo na nyengine Hämmerli 208 ya risasi za moto za kipimo cha .22. Anasema: "Ami, mie napenda vitu vya zamani vilotengenezwa kwa makini, nataka nichukue moja niwe naitumia kweli sio kuiweka kabatini tu, sasa nichukue ipi, mjomba aangalie nini kabla hajalipa, na huku kwetu na hii hewa ya bahari nitaiweka vipi isiliwe na kutu? Bibi ananambia nipake mafuta ya karafuu."

Mwanangu, chukua ya upepo. Hio ndo jawabu, sasa kaa nikwambie kwa nini na vipi, mana suala lako lina mambo mengi ndani yake na mengine hukuyauliza lakini yatakukuta.

Kwanza kabisa polisi. Mjomba atakwambia haina shida, na kwake ni kweli, mana Ujerumani bastola ya upepo isozidi nguvu ya jouli 7.5 yenye alama ya herufi F ndani ya umbo la pembe tano, mtu akishatimiza miaka 18 anainunua bila leseni kama anavonunua baskeli. Lakini hio ni sheria ya huko, haipandi ndege pamoja na bastola. Wewe nenda polisi mkoa kabla mjomba hajatoa hata senti, uliza kwa maandishi, taja jina la bastola, kipimo chake milimita 4.5, sema inatumia springi na hewa haina baruti, na jibu ulipate kwa maandishi vile vile. Wakisema inataka kibali, tafuta kibali, wakisema haiingii, basi haiingii na umeokoa pesa yako. Usikubali mtu akutilie kwenye begi la nguo kimya kimya, ikionekana kwenye mashine ya uwanja wa ndege hakuna atakaekusikiliza kwamba ni ya upepo, kwa macho ya askari ile ni bastola na ana haki. Shirika la ndege nalo liulizwe mapema, kila moja lina utaratibu wake.

Hämmerli 208 nitaipita haraka, si kwa kuwa mbaya, wallahi ni miongoni mwa bastola nzuri za shabaha zilizowahi kutoka kiwandani, Waswisi wa Lenzburg walijua wanachofanya na triga yake mtu akishaivuta mara moja anaikumbuka. Lakini ile ni silaha ya moto. Inataka leseni yake, inataka risasi ambazo utazitafuta, inataka uwanja wa kupigia wa mita 25 wenye ukuta wa udongo nyuma yake na msimamizi. Ukiwa nayo Pemba utaishia kuifungia kabatini na kuitoa kuipangusa, na wewe mwenyewe umesema hutaki hivo. Muachie mzee amuuzie mwanachama mwenzake ambae Jumamosi ataipeleka uwanjani.

Sasa tuje kwenye 65. Feinwerkbau wako Oberndorf, mji mdogo wa kusini Ujerumani kwenye mto Neckar, mji huo huo wa kiwanda cha silaha cha Mauser, na waasisi wa Feinwerkbau wawili, Westinger na Altenburger, walikuwa wahandisi wa Mauser kabla ya kuanzisha chao baada ya vita. Mwaka 1965 wakatoa bastola hii na namba yake ndo hio 65, ikaendelea kutengenezwa miaka 30 hivi bila kubadilika sana. Fikiria kitu gani cha michezo kinachouzwa miaka 30 kikiwa kile kile. Ilikuwa bado inatengenezwa wakati bastola ya upepo ya mita 10 ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Seoul 1988, pale Jasna Šekarić wa Yugoslavia alipochukua dhahabu ya wanawake.

Uzuri wake uko wapi. Bastola ya springi ina ugonjwa mmoja wa kuzaliwa nao: ukivuta triga springi inaachia, pistoni inaruka kwenda mbele, na mwili wa bastola unasukumwa nyuma, halafu pistoni ikigota mwisho bastola inavutwa mbele tena, na haya yote yanatokea wakati kile kijirisasi bado kimo ndani ya mtutu hakijatoka. Kwa hio mkono unatikiswa kabla risasi haijaondoka, na shabaha inakwenda na maji. Hawa jamaa wa Oberndorf wakafanya hivi, sehemu ya juu yote, mtutu na silinda na saiti za kulengea, wakaiweka juu ya reli, na wakati wa kufyatua inaachiwa iteleze nyuma peke yake huku mshiko ulioko mkononi mwako haujui chochote. Ukiangalia kwa pembeni mtu akipiga unaiona ile sehemu ya juu inajongea nyuma taratibu na mkono umetulia tu. Kiwanda chengine cha Ujerumani, Diana wa Rastatt, wao walikwenda njia nyengine, ile aloibuni Kurt Giss, wakatia pistoni mbili zinazokimbia kila moja upande wake ili zifutane nguvu, ni kazi ya akili sana na bastola yao Diana 6 ni nzuri, lakini ukiifungua kuirudisha inataka fundi anaeijua hasa, na wewe Chake Chake fundi huyo humpati. 65 ni rahisi zaidi kuishi nayo.

Walther LP 3 na Izh-46 ya Mrusi nazo ni bastola za upepo lakini za aina nyengine, unashindilia hewa kwa mkono mara moja kisha unapiga, hazina ile springi ya kusukuma pistoni. Izh-46 hasa ni kitu cha kuaminika na kama ile ya mzee itaondoka mikononi mwenu basi mwambie mjomba aitafute hio. Lakini zile za gesi ya kaboni za miaka ya 80 achana nazo hata ukipewa bure, mitungi yake ina muda wa mwisho wa kutumika na mingi imeshapita, na huku nani atakujazia?

Haya, mjomba aangalie nini. Mwambie asiangalie kung'aa. Watu wengi wananunua kwa macho, wanaona rangi nyeusi imekaa vizuri na boksi la asili lipo wanatoa pesa. Mie naanza na skrubu. Vichwa vya skrubu vikiwa vimeliwa liwa na kukwaruzwa, ujue kuna mtu kaifungua kwa bisibisi isokuwa saizi yake, na mtu wa namna hio akiingia ndani haishii kwenye skrubu. Halafu mshiko wa mbao ufunguliwe, mana pale chini ya mbao ndo jasho la kiganja linapojificha, jasho lina chumvi, unaweza kukuta juu safi kabisa na chini ya mshiko kutu imechimba. Mzee akikataa mshiko ufunguliwe, mjomba aage kwa heshima aondoke.

Na mshiko wenyewe uko wa mkono wa kulia na wa mkono wa kushoto, hukunambia wewe unatumia upi. Una kibao chini cha kuegemea ukingo wa kiganja ambacho kinapanda na kushuka, kikaze mpaka mkono ujae lakini usibanwe. Kama mzee alichonga mbao ifuate mkono wake, na wengi hufanya hivo, basi inaweza kuwa haikufai wewe, na hapo bei ishuke mana utahitaji mwengine au utahitaji seremala. Seremala si tatizo, mafundi wetu wanaochonga milango ya mninga na mvule kazi hio ni ndogo kwao, lakini mbao ya asili iwekwe pembeni isichongwe, bastola ya zamani iliyopoteza mshiko wake wa asili imepoteza sehemu ya thamani yake.

Kisha avute ule mkono wa chuma wa pembeni wa kuikoki, yani kuibana springi tayari kwa kupiga, polepole, asikilize. Inatakiwa iwe laini mwanzo mpaka mwisho. Ikikwaruza kama kuna mchanga ndani, springi imechoka au grisi imeganda. Vimpira vya ndani na bafa, yani vile vya kupokea kishindo, ndo ugonjwa wa uzee wa bastola hizi zote, miaka inapita vinakauka, vinamung'unyika, na ukipiga unasikia kishindo kikavu cha chuma kwa chuma. Hii si sababu ya kuikataa! Vinabadilishwa, ila vibadilishwe huko huko Ujerumani kwa fundi kabla ya kusafiri, na ununue seti nyengine ya akiba uje nayo, seti ile ni kijipakiti kidogo tu lakini kukitafuta ukiwa huku ni mwezi wa kuzungushwa.

Mwisho ipigwe. Klabuni kuna uwanja na pengine kuna kile kifaa cha kupima kasi. Apige kumi, kasi inatakiwa isipandeshuke sana baina ya moja na nyengine, ikiwa kila moja na lake basi hewa inavuja. Halafu aiegemeshe mezani juu ya mfuko wa mchanga apige tano kwenye kadi moja mita 10. Bastola hii ikiwa nzima matundu yanaingiliana, unabaki na kitundu kimoja chenye kingo za mviringo. Ikitawanya wakati imeegemeshwa, ina tatizo. Na kuna kijiswichi cha triga, cha kubadilisha uzito baina ya gramu 500 na 1360, ahakikishe kinafanya kazi pande zote mbili, gramu 500 ndo sheria ya chini kabisa ya mashindano ya mita 10 na ndo utakayotumia wewe.

Sasa kutu, hili ndo naona umeliuliza kwa wasiwasi na una haki. Bibi yako hajakosea kabisa, mwambie nampa salamu. Wajapani panga zao za zamani wanazipaka mafuta yenye harufu ya karafuu, hio ni mila yao ya tangu na tangu, lakini yale ni mafuta mepesi mengine yaliyotiwa karafuu kidogo tu, sio mafuta makali ya kutoka kiwandani kwetu. Mafuta ya karafuu matupu yanalainisha plastiki na yanachubua vanishi, ukiipaka 65 unaweza kuharibu mshiko na vimpira. Mafuta ya nazi pia hapana, yanachacha na kushika vumbi. Tumia mafuta mepesi ya mashine, yale ya cherehani, tone moja kwenye kitambaa cha pamba, pangusa chuma cha nje mpaka uone kama hakuna mafuta lakini kidole kinateleza. Basi. Ndani usitie kitu! Mafuta yakifika mbele ya pistoni, hewa inaposhindiliwa ghafla inapata moto na yale mafuta yanawaka, utasikia mlio mkubwa na harufu ya kuungua, na vimpira vinakwenda na springi inavunjika kabla ya siku zake.

Adui mkubwa zaidi ya bahari ni kiyoyozi. Nisikilize hapa vizuri. Chumba kina baridi, bastola imelala humo usiku kucha, chuma kimepoa hasa. Asubuhi unaichukua unatoka nayo uwani kwenye joto na unyevu wa masika, baada ya dakika moja itazame: rangi nyeusi imekuwa ya kijivu, pitisha kidole kinaacha mstari. Hayo ni maji. Yako nje na yako ndani ya mtutu na kwenye reli pia, ambako kitambaa chako hakifiki. Kwa hio ama usiiweke chumba cha kiyoyozi, ama ukiitoa iache ndani ya boksi lake limefungwa mpaka ipate joto la nje kwanza ndo ufungue. Boksi liwe la mbao au plastiki ngumu linalofunga barabara, ndani tia vile vifuko vya chembechembe za silika vinavyobadilika rangi, vikibadilika vikaushe ovenini moto mdogo uvirudishe. Usiilaze kwenye sponji, sponji inanyonya unyevu na kuushikilia pale pale kwenye chuma, na ala ya ngozi ni vibaya zaidi mana dawa za kutengenezea ngozi zenyewe zinakula chuma. Kila ukimaliza kupiga ifute, hata kama umepiga mara tatu tu, jasho la kiganja chako halisubiri kesho.

Mahali pa kupigia. Mita 10 tu, si nyingi, ukumbi mrefu wa nyumba za kizamani unafika, au uwani penye ukuta. Lakini usipige kuelekea ukuta wa mawe, kijirisasi kinarudi na kinarudi usoni. Tengeneza sanduku la mbao, nyuma yake tia bati nene la chuma lililoinamia mbele kiasi cha nyuzi 45 ili risasi izame chini, chini weka matambara au mchanga. Kadi ya shabaha ni sentimita 17 kwa 17, duara jeusi lake ni milimita 59.5, na duara dogo la katikati, la alama kumi, ni milimita 11.5, ndogo kuliko ukucha wako wa kidole gumba. Katikati ya kadi iwe mita 1.4 kutoka sakafuni. Chapisha kwenye manila sio karatasi ya kawaida, karatasi laini inachanika hujui umepata nane au tisa, na vijirisasi nunua vyenye kichwa bapa ambavyo vinakata tundu safi. Miwani uvae, wewe na anaekaa karibu. Mlango mmoja tu wa kuingilia na uwe umefungwa, watoto wa kwetu hawabishi hodi. Ukimaliza osha mikono kwa sabuni kabla ya kushika chai, vile vijirisasi ni madini ya risasi na ni sumu. Na tafadhali isiwe ya kupigia kunguru, najua wamezidi na najua vijana watakuomba, wewe kataa. Kijirisasi kinachopaa juu kinatua kwenye bati la jirani, au mbaya zaidi.

Kupiga kwenyewe. Simama ubavu kwa shabaha, mkono mmoja umenyooka, mwengine utie mfukoni usahau kama upo. Bastola ni zaidi kidogo ya kilo moja, mwanzo bega litauma, usilazimishe, piga tano upumzike. Nyanyua juu ya duara, teremka pole pole mpaka chini ya nyeusi, hapo simama kwenye weupe. Sasa jicho: watu wote wapya wanatazama duara. Usitazame duara! Tazama saiti ya mbele, ile ndo iwe kali kama wembe, ukingo wake wa juu na wa pande zote mbili uuone, mwanga wa kushoto na wa kulia uwe sawa ndani ya ufa wa saiti ya nyuma, na duara liwe wingu jeusi tu huko mbele. Utaona mkono unatikisika, kila mkono unatikisika, hata wa bingwa wa dunia. Wacha utikisike humo humo na wewe endelea kuongeza nguvu kwenye triga nyuma moja kwa moja bila kuikurupua. Ukiona "sasa hivi ndo sawa" ukabinya ghafla, imekwenda chini kushoto kama wewe ni wa mkono wa kulia, utaikuta pale kwenye saba. Sekunde zikipita nyingi na hujapiga, teremsha mkono, vuta pumzi, anza upya, hakuna anaekukimbiza.

Na ikishalia, baki. Hili kwa bastola ya springi ni kubwa kuliko kwa nyengine yoyote, mana kama nilivosema kijirisasi bado kimo ndani wakati springi imeshaachia. Baki na saiti mbele ya jicho, tazama imeruka wapi, sema kimoyomoyo imepiga wapi, halafu ndo uteremshe uende kuangalia kadi. Siku utakapoanza kusema "nane ya kulia" na ukienda ukaikuta nane ya kulia, hapo ndo raha ya kitu hiki inapoanza, na nakwambia kweli hutataka kuiacha. Ile bastola ina miaka hamsini na bado inapiga kitundu kimoja, kwa hio kila tundu lililokwenda kombo unajua ni la nani.

Kitu kimoja usifanye kamwe, kuikoki ukaifyatua tupu bila kijirisasi ndani, pistoni inagota bila mto wa hewa na inajivunja yenyewe. Na wakati wa kutia kijirisasi ule mkono wa pembeni ushikilie kwa mkono mwengine mpaka vidole vimeshatoka, hata kama kuna kizuizi ndani cha kuuzuia usirudi, kizuizi hicho nacho kina umri wa bastola.

Kwa hio andika barua ya polisi wiki hii. Mjomba akipata nafasi aende kwa mzee na bisibisi inayoenea sawasawa kwenye skrubu za mshiko, apige picha chini ya mbao pande zote mbili, apige na video akiikoki polepole simu ikiwa karibu ili nisikie sauti ya springi, na picha ya ile kadi ya tano za kuegemea. Nitumie zote, na uniambie unatumia mkono gani.